Muhogo Niliouleta Nyumbani

Ndugu Mhariri alipotangaza mstarini kwamba kila mtu wa Kidato cha Nne ambaye hajaandika kitu gazetini aandike kabla hajaondoka shuleni, wenzangu wengi waliikimbilia safari yetu ya mbugani, na wengine ule mchezo wa mpira tulioshindwa mabao matatu kwa bila. Mimi nimechagua muhogo. Najua muhogo si habari ya kupendeza kwa wasomaji ambao huupata wa kuchemsha asubuhi na chai ya rangi, lakini naomba mnivumilie, kwa maana jambo hili limenikaa moyoni miaka miwili, na mpaka likizo iliyopita nilikuwa sijamwambia mtu.

Kwetu ni Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga, upande wa tambarare. Asubuhi ukitoka nje ukatazama magharibi waiona milima ya Usambara imejitanda mawingu. Nimelelewa na bibi, mama wa mama yangu. Shamba lake si kubwa. Lina michungwa, minazi sita, na muhogo. Michungwa hutupa fedha msimu mmoja tu, na fedha hiyo hujua njia ya kwenda dukani peke yake. Muhogo ndio unaotulisha siku zote nyingine. Hukaa ardhini ukikungoja, wala hautaki ghala. Ukishikwa na njaa unakwenda na jembe. Mbegu ya ule wa bibi aliirithi kwa mama yake.

Mwezi wa Desemba, 2021, nilipokwisha kumaliza Darasa la Saba, nilikwenda kumtembelea mjomba wangu huko Mkuranga. Nikaona muhogo wake. Ulikuwa mrefu kunipita, majani yake ya kijani kibichi, na alipong'oa shina moja la miezi tisa mbele yangu nilishangaa kuona mizizi minene kama mkono wa mpiga ngumi. Nikamwomba mbegu. Mjomba akanikatia mashina arobaini, tukayafunga matita mawili kwa kamba ya katani, tukayaviringisha gunia. Kondakta wa basi alinitoza nauli ya mzigo, nami nikalipa kwa fedha yangu mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na siku ile nilijiona mtu mzima anayerudi kwake na kitu mkononi.

Bibi alifurahi sana. Tulipanda pingili zile karibu na muhogo wake wa siku zote. Mwezi wa Septemba, 2022, akachimba mizizi ya kwanza, ikawa mizuri, mitamu, haina nyuzi. Habari ikaenea. Mvua za vuli zilipoanza, majirani walikuja kuomba mbegu, naye akawagawia nyumba saba bila ya kupokea kitu, maana kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi.

Basi mwezi wa Juni, 2023, nilikuwa nyumbani likizo. Bibi alinituma nichimbe muhogo uliobaki, kwa kuwa unga ulikuwa umekwisha. Mashina yalionekana mazima. Kwa nje mizizi haikuwa na neno. Lakini bibi alipoukata wa kwanza, ndani mlikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa umeoza kabisa. Alikaa pale akikata na kutupa, akikata na kutupa, na katika kikapu kizima tukapata sahani moja ya kupika, nayo ilikuwa chungu. Hakusema neno. Kesho yake tukajaribu mistari ya muhogo wake wa zamani iliyokuwa karibu, nayo pia ilikuwa na mabaka yale yale, ingawa machache zaidi. Kabla ya mwaka kwisha nyumba zote saba zilikuwa zimekwisha kukata mizizi yao na kuyaona waliyoyaona.

Maneno yalisemwa. Kisimani mwanamke mmoja alisema kwamba bibi aliijua mbegu kuwa mbovu, ndiyo maana aliitoa bure. Mzee mmoja, ambaye kila siku alipitia uani kwetu akienda msikitini na kujuliana hali na bibi, akaanza kupita njia ya nyuma. Bibi alipoulizwa alisema, "Mbegu nilizipata kwa ndugu," basi. Hakunitaja hata siku moja. Nami nilikaa kimya, nikarudi shuleni, na kila nilipokula ugali wa bwenini nilikumbuka kile kikapu.

Afisa ugani alikuja akatueleza kwamba ule ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, akatuagiza tung'oe yote na kuichoma moto, na tutafute mbegu safi. Akatuonyesha jambo ambalo tungaliweza kuliona mapema lau tungalijua: majani ya chini huwa na umanjano kando ya mishipa, kama manyoya, na shina changa huwa na michirizi myembamba. Sisi tulidhani ni uzee wa majani. Ugonjwa huu hauna haya ya batobato, ambayo huyakunja majani ukaiona toka barabarani. Huu hukuachia shamba zuri la kutazama, nao huku chini unakula.

Sasa nitaacha shamba kidogo, nieleze lililotokea darasani mwaka huu, 2025.

Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuja na karatasi za mtihani wa majaribio akasema kuna watu watatu walioigiana. Hakuwashika kwa majibu yaliyo sawa. Alisema majibu yaliyo sawa hayamshitaki mtu, kwa sababu ukweli ni mmoja, na watu mia waweza kuufikia kila mmoja kwa njia yake. Anayeshitaki ni kosa. Watatu hao walikuwa wameandika kwamba moyo wa mwanadamu una vyumba vitano. Tena wawili kati yao walikosea neno jingine kwa namna ile ile, na wa tatu hakulikosea. Mwalimu akachora ubaoni: huyu ndiye wa kwanza, huyu alinakili kwake, na huyu alinakili kwa huyu wa pili pamoja na kosa lake jipya. Ilikuwa kweli tupu. Watatu wakafyeka majani siku mbili. Mimi nilikuwa mmojawapo, lakini sitasema wa ngapi.

"Hivi ndivyo," akasema Mwalimu, "wataalamu wanavyoijua nasaba ya ugonjwa." Nikainua kichwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumfuata ofisini na maswali. Somo hili tunafundishwa kwa Kiingereza, na habari alizonichapishia zilikuwa za Kiingereza kigumu, kwa hiyo maneno ya Kiswahili ninayotumia humu mengine nimeyatafuta mwenyewe. Mwenye bora zaidi aniambie.

Kila kiumbe kina maandishi ndani yake yanayosema kiwe namna gani. Maandishi hayo yote kwa jumla huitwa jenomu. Yameandikwa kwa herufi nne tu, lakini kwa urefu mkubwa: yetu wanadamu ni herufi kama milioni elfu tatu. Kirusi cha michirizi ya kahawia kina utepe mmoja tu wa RNA, na mwaka 2009 mtaalamu wa Kitanzania, Deusdedith Mbanzibwa, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wameusoma wote toka mwanzo hata mwisho, wakakuta herufi 9,069. Nimehesabu: ukiziandika kwa mkono katika daftari letu la kurasa 40 zitaingia, na nafasi itabaki. Kitu kinachoingia daftari moja ndicho kilichomaliza chakula cha nyumba nane.

Kirusi kikiingia katika jani hujinakili mara nyingi mno, nacho ni mwandishi mbaya. Hakina wa kumsahihishia. Herufi moja hubadilika hapa, nyingine pale, na nakala zinazofuata hubeba makosa ya zile zilizotangulia, sawasawa na vile vyumba vitano vya moyo. Ukichukua jani kutoka shamba moja na jani kutoka shamba jingine, ukasoma herufi zote, ukazipanga juu na chini, waweza kuona ni virusi gani ni ndugu wa karibu, ni vipi vilivyoachana zamani, na ni kipi kilitoka wapi.

Walipoanza kupanga hivyo wakaona ajabu. Macho yetu yaliona ugonjwa mmoja, afisa ugani ana jina moja, na mizizi huoza namna moja. Lakini herufi zilionyesha virusi vya aina mbili vilivyo mbali mbali, na katika kila herufi kumi, kama tatu hazifanani. Mtu na sokwe hutofautiana kwa herufi kama moja tu katika kila mia! Hapo kwanza ilionekana kwamba aina moja ni ya pwani ya Bahari ya Hindi na nyingine ni ya kando ya Ziwa Viktoria, jambo ambalo lingekuwa rahisi kukumbuka katika mtihani, lakini baadaye aina zote mbili zikapatikana huku na huku, na hata zote pamoja katika shina moja la muhogo. Mwaka 2015 Joseph Ndunguru na wenzake walitangaza jenomu nzima 12 mpya za virusi hivi kutoka Afrika ya Mashariki, na hesabu ya kuzilinganisha ilikuwa kubwa hata ikafanywa kwa kompyuta kuu huko Australia. Wakaona dalili kwamba aina zenyewe huenda ni zaidi ya mbili. Mwaka uliofuata Titus Alicai wa Uganda na wenzake wakaonyesha kwamba ile aina iliyo kali zaidi ndiyo pia ibadilikayo kwa haraka zaidi.

Msomaji aweza kuuliza, kuna faida gani kwa mkulima kujua herufi? Nami niliuliza hivyo, na jibu la Mwalimu ni hili. Mbegu safi haziwi safi kwa kutazamwa, hupimwa. Lakini kipimo cha kawaida hakisomi jenomu yote. Hutafuta kipande kifupi tu kinachojulikana, kama mlinzi wa lango letu mwenye orodha ya majina ya waliokatazwa kutoka. Nyote mnamjua yule ndugu aliyeandikisha jina lake kwa herufi moja tofauti akaenda zake mjini hata jioni. Kirusi ambacho herufi zake zimebadilika mahali pale pale kipimo kinapotazama hupita vivyo hivyo, na shina likapewa sifa ya usafi, likafungwa tita, likapandishwa basi. Kadhalika mtu anayezalisha muhogo wa kustahimili ugonjwa hana budi kujua anaupiganisha na nani. Wavumilivu mbele ya aina moja huanguka mbele ya nyingine.

Tena kuna jambo la kuchanganyika. Mwaka 1997 wataalamu walisoma herufi za virusi vya batobato kali iliyokuwa imemaliza mihogo ya Uganda tangu miaka ya 1980 mwishoni, wakakuta kirusi ambacho hakikuwa cha kwanza wala cha pili. Virusi viwili vilikuwa vimekutana katika mmea mmoja, kimoja kikachukua kipande cha maandishi ya mwenzake, akazaliwa wa tatu, na ugonjwa wake ukashuka mpaka Kagera. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka karatasi chini nikatoka nje. Maana nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyezipanda pingili za Mkuranga ubavuni mwa muhogo wa bibi.

Siku hizi kuna chombo cha kusomea herufi kinachoingia mfukoni. Zamani jani lilipelekwa ng'ambo na majibu yakarudi baada ya miezi, mkulima amekwisha kupanda tena mbegu ile ile. Ndunguru, pamoja na Laura Boykin na wenzao wa Tanzania, Uganda na Kenya, walianza kukitumia chombo hicho kwa muhogo mwaka 2017, na majibu yakapatikana katika muda kama wa siku mbili. Halafu huko Kenya wakafanya kazi yote shambani chini ya mti kwa nguvu ya betri, wakapata jibu siku ile ile. Nimejaribu kukielewa. Jani hupondwa, maandishi yakatolewa, na kwa kuwa ni ya RNA hunakiliwa kwanza kuwa DNA. Kisha nyuzi hizo hupitishwa katika vitundu vidogo mno vyenye umeme unaopita. Kila herufi inapopita kitunduni huuziba umeme kwa namna yake, kompyuta ikasikiliza mabadiliko hayo na kuandika. Ni kama kipofu anayejua nani amepita mlangoni kwa kusikia viatu tu. Kwa kweli sehemu hii ndiyo iliyonifanya nitake kusoma sayansi baada ya Kidato cha Nne, Mungu akijalia na Hesabu zangu zikiruhusu.

Lakini kichwani mwangu palikuwa na swali moja, wala halikuwa la chombo. Je, ni mimi?

Ushahidi wa kunishitaki ni huu. Ugonjwa huenezwa na inzi weupe, wale wadogo kama unga wanaoruka ukitikisa jani. Inzi hao hawakichukui kirusi hiki mbali. Hukipoteza baada ya muda mfupi. Kwa hiyo safari ndefu za ugonjwa huu ni za mbegu, na mbegu haina miguu. Toka Mkuranga hata Muheza ni mimi niliyezibeba.

Ushahidi wa kunitetea nao nimeupata, tena mahali nisipopatarajia. Ile milima tunayoiona asubuhi ndiyo yenye Amani, na Amani ndipo alipofanya kazi mtaalamu wa Kiingereza H. H. Storey, ambaye mwaka 1936 aliandika habari za ugonjwa huu kwa mara ya kwanza na kuupa jina. Mwaka huo bibi yangu alikuwa hajazaliwa. Hapo hapo Amani ndipo walipoanza kuuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, ili upate nguvu ya kushindana na magonjwa, na mbegu ya Namikonga, inayosifiwa mpaka leo kwa kustahimili michirizi, asili yake ni kazi ile. Basi ugonjwa ulikuwako upande wetu kabla sijawa na fedha ya kumlipa kondakta. Yamkini ulikuwa katika muhogo wa bibi siku zote, umelala, naye kwa kuchimba mapema alikuwa akiupita bila kujua.

Macho hayawezi kuamua kesi hii. Watu wa kisimani waliiamua kwa macho. Lakini herufi zaweza. Yatakiwa jani la muhogo wa mjomba, jani la muhogo wa zamani wa bibi, majani ya majirani, na majani ya vijiji vingine ambako mbegu zangu hazikufika. Kama virusi vya majirani vina makosa yale yale ya Mkuranga, ambayo hayapatikani penginepo Muheza, mimi ndiye. Kama makosa yao ni ya Muheza, nilisingiziwa na moyo wangu mwenyewe. Na huenda ni yote mawili.

Likizo ya Juni mwaka huu nilifika nyumbani nikakuta bibi amekwisha kupanda mbegu safi wakati wa masika, mashina sitini, karibu na michungwa, nayo yameshika vizuri. Lakini nyuma ya jiko nikaona mashina matatu makubwa. Nikayajua mara moja. Alipoambiwa ang'oe yote alikuwa ameng'oa yote ila yale matatu, kwa kuwa ni mbegu ya mama yake, na akiyachoma hayo hapatabaki kitu. Nikainamisha jani la chini nikalitazama. Umanjano kando ya mishipa, kama manyoya. Nikahesabu hatua mpaka kwenye mbegu safi: thelathini na nane. Nikatikisa jani, inzi weupe wakaruka.

Jioni nilikaa naye jikoni nikamweleza yote. Nilianza na karatasi za mtihani, akacheka sana kusikia nilifyeka majani. Nikamweleza herufi na makosa, na jinsi wataalamu wawezavyo kujua ugonjwa ulikotoka. Kisha nikamwambia kwamba kwa miaka miwili nimekuwa nikiogopa ni mimi niliyeuleta, na kwamba alilaumiwa yeye kwa jambo langu.

"Mume wangu," akasema, "unadhani sikujua unaogopa nini? Ulikuwa huli muhogo hata wa dukani."

Akachochea moto. "Hizo herufi zitasema ni wewe?"

"Huenda, bibi."

"Na zisiposema wewe, zitamsema nani?"

Hilo sikulifikiri kabla ya kuulizwa. Nilijibu polepole kwamba zisiponisema mimi, zitasema ugonjwa ulikuwako toka zamani, labda ndani ya ile mbegu ya mama yake. Nikaongeza kwamba kwa hali yoyote yale mashina matatu sasa yanao, nami nimeyaona, na yakibaki pale mbegu safi hazitafika mwaka.

Bibi hakunijibu. Alipakua chakula, tukala, akaniuliza habari za mitihani, akaenda kulala.

Asubuhi niliamka kwa harufu ya moshi. Nyuma ya jiko palikuwa na mashimo matatu, na mashina yalikuwa yamekatwakatwa yakiungua. Alikuwa amefanya peke yake kabla ya alfajiri. Juu ya jamvi barazani aliniwekea majani sita ya chini, mawili mawili toka kila shina, yamepangwa kama mtu apangavyo nguo.

"Chukua hayo majani yako," akasema. "Ukauliza."

Siku ile ile nilikwenda kwa yule mzee aliyebadili njia, maana kwake bado kuna shina moja kando ya choo. Nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba majani mawili. Aliniuliza ya nini. Nikamwambia ukweli wote, kwamba mbegu niliileta mimi kutoka Mkuranga nikiwa mtoto, wala bibi hakujua lolote, na kwamba nataka kujua kama ugonjwa ulikuja nazo. Alinitazama kitambo kirefu. Kisha akaenda mwenyewe kuyachuma. Mjomba naye nimempigia simu, na ya kwake yamekuja kwa basi ndani ya bahasha, yakiwa katikati ya karatasi ya gazeti.

Yote yako humu bwenini, yamekauka, yamebanwa katika daftari langu la zamani la Jiografia, kila jani na tarehe yake na mahali lilipotoka. Mwalimu wa Baiolojia amenisaidia kuandika barua kwa wataalamu wa utafiti wa kilimo kuwaomba wayasome, na ameniambia nisitarajie jibu kwa haraka, kwa kuwa wana kazi nyingi kuliko majani ya mwanafunzi mmoja. Barua iliondoka juma la tatu la muhula huu. Mitihani yetu ya taifa itaanza Novemba, na baada ya hapo sitakuwa hapa, kwa hiyo katika bahasha nimeweka anwani ya bibi.